Kwanini volkano moja inatiririka taratibu na nyingine inapasuka kama bomu?

Swali la msomaji: "Habari mtaalamu. Nimeona video ya lava ya Hawaii inatambaa polepole, watu wako pembeni wanapiga picha, alafu video iliyofuata mlima umepasuka, wingu limepanda hadi mchana ukawa usiku. Hizi mbili ni kitu kimoja kweli? Na ni kweli huko chini kote ni bahari ya moto inayotafuta pa kutokea? Lava ndo inaua watu wengi au? Na mwisho, Kilimanjaro inaweza kuamka?"

Salama ndugu yangu. Umeuliza maswali manne kwa mpigo ila bahati nzuri yanafungwa na kamba moja, na kamba yenyewe sio lava, ni gesi. Watu wakiniuliza habari za volkano karibu wote wanaanzia kwenye lava kwa sababu ndo inayong'aa na ndo inayopigwa picha, lakini lava ni kile kilichobaki baada ya kazi kuisha, mfanyakazi mwenyewe haonekani. Nitafika huko, nivumilie kidogo.

Kwanza hiyo bahari ya moto, maana imekaa vichwani mwa wengi, hata mimi nilitoka nayo shuleni. Haipo. Ukichimba kwenda chini unapita gome la dunia, ambalo chini ya mabara lina unene wa kilomita 30 mpaka 50 hivi na chini ya bahari kilomita 6 au 7 tu, alafu unaingia kwenye manteli, tabaka la mwamba linaloshuka mpaka kilomita 2,900, na hiyo manteli karibu yote ni mwamba mgumu. Ina joto kali, zaidi ya nyuzi 1,000, lakini ni ngumu. Sasa tunajuaje wakati hakuna mtu aliyefika? Matetemeko ndo yanatuambia. Tetemeko likipiga linatoa mawimbi ya aina tofauti, na kuna aina moja inayotikisa mwamba upande kwa upande ambayo haiwezi kabisa kupita kwenye kimiminika, sasa mawimbi hayo yanakatiza manteli bila shida yoyote na yanakuja kukwama kwenye kiini cha nje, ambako ndo kuna chuma kilichoyeyuka kweli. Na hicho chuma hakihusiani na lava unayoiona kwenye video, kiko mbali mno.

Utaniuliza, kama mwamba una joto la kuyeyuka mbona hauyeyuki? Kwa sababu umebanwa. Mwamba ukiyeyuka unataka kutanuka, na ukiwa umebebeshwa uzito wa makumi ya kilomita za mwamba mwingine juu yako unatanukia wapi, unabaki mgumu hata kwenye joto ambalo huku juu ungeshakuwa ujiuji. Kwa hiyo ili upate magma (hilo ndo jina lake ikiwa bado chini, ikishatoka nje tunaiita lava) mara nyingi huongezi moto wala nini. Ama unapunguza presha, ama unaweka maji. Ndiyo, maji. Maji ndo yanatengeneza volkano hatari kuliko zote duniani, na najua inasikika kama utani.

Presha inapungua pale ambapo mabamba ya dunia (vipande vikubwa vya mwamba vinavyounda ganda la juu) yanaachana, kama katikati ya bahari ya Atlantiki, kule Iceland, au huku kwenye Bonde la Ufa. Mabamba yakivutana huku na huku manteli inapanda kujaza nafasi, inapopanda uzito juu yake unapungua, na sehemu ndogo ya mwamba, asilimia chache tu, inayeyuka bila mtu kuongeza kuni. Hawaii nayo ni presha ila kwa njia nyingine, iko katikati ya bamba kabisa, mbali na mpaka wowote, ila chini yake kuna mwamba moto unapanda kama moshi wa bomba, na bamba linapita juu yake sentimita kadhaa kwa mwaka, karibu na kasi ya kucha zako kuota. Ndo maana visiwa vile vimepangana kwa umri kama watoto wa mama mmoja, wakubwa kaskazini magharibi, kitinda mimba kusini mashariki, na huyo kitinda mimba ndo anayetoa lava hadi leo.

Maji yanaingia pale ambapo bamba la bahari linazama chini ya bamba lingine, Japani, Indonesia, Ufilipino, Chile, pwani ya magharibi ya Marekani. Bamba linazama likiwa limelowa, yaani limekaa mamilioni ya miaka chini ya bahari na maji yameshajifunga ndani ya madini yake, sasa likifika kina cha kilomita 100 hivi joto na presha vinalikamua, maji yanatoka, yanapanda kwenye manteli iliyo juu yake na kushusha joto la kuyeyukia, vilevile chumvi inavyofanya kwa barafu. Watu wengi wanadhani bamba lenyewe ndo linayeyuka, mara nyingi sio, ni manteli ya juu yake. Na cha muhimu, magma inayozaliwa hivyo inazaliwa na maji tumboni. Shika hapo, tutaparudia.

Magma ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka kwa hiyo inapanda kwenye nyufa, na nyingi haifiki juu, inagandia hukohuko chini na kuwa graniti. Inayoendelea kupanda mara nyingi inasimama kilomita chache chini ya mlima kwenye chemba, na chemba hiyo usiifikirie pango limejaa moto unaochemka kama wanavyochora kwenye vitabu, nyingi zinafanana zaidi na zege bichi, punje za madini zimeshikana na kimiminika kidogo katikati, na inaweza kukaa hivyo maelfu ya miaka bila kumsumbua mtu. Ila inapokaa haikai bure. Inapoa, na inapopoa madini yenye silika kidogo yanaganda kwanza na kuzama pembeni, kwa hiyo kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa na silika (silika ni kitu kilekile cha kioo na mchanga mweupe), na gesi nayo haiwezi kuingia kwenye hizo punje kwa hiyo inajazana kwenye kimiminika kilekile kilichobaki. Volkano iliyokaa kimya muda mrefu sio lazima iwe imechoka. Inawezekana inajaza.

Silika ina kazi gani? Inanatisha. Magma ya basalti kama ya Hawaii ina silika karibu asilimia 50 na inatoka na joto la nyuzi 1,100 mpaka 1,200, inatiririka. Magma aina ya rayolaiti inapita asilimia 70 na inatoka na nyuzi 700 mpaka 850 hivi, hiyo haitiririki, inasukumwa. Chukua mrija upulizie kwenye maji ya sabuni, mapovu yanapanda na kupasuka bila kelele, alafu pulizia kwenye gundi nzito, utapuliza mpaka macho yatoke na povu likikubali kutoka linakurukia usoni.

Na sasa gesi yenyewe. Magma yoyote ikiwa chini imeyeyusha ndani yake mvuke wa maji (kumbuka ile iliyozaliwa na maji tumboni), kaboni dayoksaidi, gesi za salfa na nyingine nyingine, na huwezi kuziona, kama vile huoni mapovu kwenye soda iliyofungwa. Mfano wa soda umechoka, najua, kila mwalimu anautumia, lakini sijapata mwingine unaouzidi: ukifungua kizibo presha inashuka na gesi inakumbuka kwamba ni gesi. Magma ikipanda ni kizibo kinafunguliwa taratibu. Mapovu yanaanza, mapovu yanaifanya iwe nyepesi zaidi, inapanda kwa kasi zaidi, presha inashuka zaidi, mapovu yanaongezeka, yaani jambo linajisukuma lenyewe. Kama magma ni nyepesi kutiririka kama ya Hawaii, mapovu yanaitangulia yanatoka zake hewani, unapata chemchemi ya moto nzuri ya kuangalia na mto wa lava. Kama ni nzito ya kunata mapovu yamenaswa, yanakua ndani kwa ndani mpaka magma yote imekuwa povu zito, na presha ikishinda hilo povu linachanika kwa sekunde chache kuwa vipande milioni na milioni na linaruka nje.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, ni kitu kimoja, tofauti ni kama gesi imepata njia ya kutoka kwa heshima au imenyimwa.

Na hivyo vipande ndo majivu ya volkano. Jina linadanganya kabisa maana hakuna kilichoungua, majivu ya volkano ni unga wa kioo na mwamba, ukiusugua vidoleni unakwaruza, ukiupangusa kwenye kioo cha gari bila maji umeharibu kioo. Povu ambalo halikuchanika likaganda na mapovu yake ndo lile jiwe jepesi linaloelea majini, ambalo watu wanasugulia visigino bila kujua wameshika mlipuko.

Mfano ninaoupenda (kama naruhusiwa kusema napenda) ni St. Helens kule Marekani mwaka 1980. Mlima ulikuwa kimya zaidi ya miaka 100. Mwezi Machi matetemeko madogo yakaanza, alafu ubavu wa kaskazini ukaanza kuvimba, sio kidogo, karibu mita moja na nusu mpaka mbili kwa siku, wiki baada ya wiki, kwa sababu magma nzito ilikuwa imeingia ndani ya mlima na haipati pa kutokea. Tarehe 18 Mei asubuhi tetemeko likapiga na ubavu mzima ukaporomoka, maporomoko makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa. Sasa fikiria, tani zote zile za mwamba zilikuwa ndo kizibo, na kizibo kimeondoka kwa nukta moja, tena kwa pembeni sio kwa juu. Mlipuko ukatoka ubavuni ukalaza misitu kilomita na kilomita, miti mikubwa imelala imeelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, watu 57 wakafa, na mlima ukapungua urefu mita 400 hivi. Baadhi ya waliokufa walikuwa mbali kiasi cha kujiona wako salama, kwa sababu kila mtu alikuwa anasubiri mlima ulipuke kwenda juu.

Kuna milipuko mingine haina hata magma mpya, ni maji ya ardhini tu yamekaa kwenye mwamba moto na ghafla yanageuka mvuke, na maji yakigeuka mvuke kwenye presha ya kawaida yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Ontake ya Japani Septemba 2014 ilifanya hivyo, jumamosi mchana, wapanda mlima wengi wako kileleni, watu 63 wakafa au hawakuonekana tena. Hii aina mimi ndo naiogopa kuliko zote maana dalili zake ni ndogo mno.

Na milima yenyewe ndo inajengwa hivyo, lava nyepesi inaenda mbali inatengeneza mlima mpana wenye mteremko mdogo, lava nzito na majivu vinarundikana karibu na tundu vinatengeneza mlima mchongoko. Mara moja moja unazaliwa mbele ya macho ya watu. Tarehe 20 Februari 1943 mkulima mmoja wa Mexico anaitwa Dionisio Pulido alikuwa shambani kwake kwenye mahindi akaona ufa ardhini unatoa moshi na kuunguruma, kesho yake pale palikuwa na kilima, mwaka haujaisha kilima kilishapita mita 300, na kilipotulia mwaka 1952 kilikuwa mita 424. Kinaitwa Paricutín. Huyo mzee alipoteza shamba akapata mlima, sijui nani angempa pole na nani angempa hongera.

Haya, tuje kwenye kuua. Lava kwa kawaida inaua watu wachache sana, inaharibu nyumba, barabara, mashamba, lakini mtu mwenye miguu anaikimbia kwa kutembea. Kilauea ya Hawaii mwaka 2018 ilimeza nyumba karibu 700 na lava yenyewe haikuua mtu. Nyiragongo pale Kongo ndo imekataa sheria hii, lava yake ina silika kidogo mno kwa hiyo inakimbia kama maji, na kileleni kuna ziwa la lava, ubavu wa mlima ukipasuka lile ziwa linamwagika lote kwa muda mfupi. Januari 1977 ilishuka kwa kasi ya gari, Januari 2002 ikaukata mji wa Goma katikati mpaka ikaingia Ziwa Kivu, na Mei 2021 ikashuka tena usiku. Pale nisingekwambia usimame upige picha.

Kinachoua hasa ni wingu linaloshuka, sio linalopanda. Nguzo ya majivu ikiwa nzito kuliko hewa inashindwa kupanda na inaangukia mlima, na mchanganyiko wa gesi, majivu na mawe wenye joto la nyuzi mamia unateleza chini kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, mara nyingi zaidi sana. Hukimbii hiyo, wala nyumba haikusaidii. Pompeii mwaka 79 wengi walikufa hivyo. Saint-Pierre kwenye kisiwa cha Martinique, tarehe 8 Mei 1902, mji mzima wa watu karibu 28,000 uliisha kwa dakika chache, na mmoja wa wachache waliopona alikuwa mfungwa aliyekuwa kwenye chumba cha mawe chenye kidirisha kidogo tu.

Alafu kuna tope. Hili halihitaji hata mlipuko mkubwa. Nevado del Ruiz ya Colombia, tarehe 13 Novemba 1985, mlipuko ulikuwa mdogo kabisa kwa vipimo vya volkano, lakini kileleni kulikuwa na barafu, majivu moto yakayeyusha sehemu yake, maji yakashuka mabondeni yanazoa udongo na mawe na miti, na saa mbili na nusu hivi baadaye tope zito kama zege likaingia Armero, mji ulioko zaidi ya kilomita 40 kutoka mlimani. Watu 23,000 hivi wamekufa pale na kwenye vijiji vya jirani. Kinachouma ni kwamba ramani ya hatari ilishachorwa kabla, na ilionyesha Armero iko kwenye njia ya tope. Masaa mawili na nusu yalitosha kuwapandisha watu kwenye vilima vya jirani, waliambiwa wakae ndani watulie.

Na gesi peke yake bila mlipuko wa moto inaua pia. Ziwa Nyos, Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986: ziwa liko kwenye kasoko (shimo la mdomo wa volkano) ya zamani, kaboni dayoksaidi ilikuwa inapenya kutoka chini inayeyuka kwenye maji ya kina kirefu miaka na miaka, usiku ule kitu kikalitibua na ziwa likafunguka kama ile soda, gesi nzito kuliko hewa ikamwagika mabondeni hadi kilomita 25 hivi, ikaua zaidi ya watu 1,700 na mifugo yao wamelala. Baadaye wakaweka mabomba ya kutoa ile gesi kidogo kidogo. Kuzunguka Goma kitu cha namna hii kwa udogo kinatokea kwenye mashimo na mabonde madogo, gesi inatoka ardhini inatuama chini, hasa usiku upepo ukitulia, mbuzi akiingia hatoki, mtoto akiingia hatoki, na wenyeji wanaita mazuku. Hilo neno limeingia kwenye maandiko ya wanasayansi dunia nzima, anaandika Mwitaliano, anaandika Mbelgiji, wote wanaandika mazuku. Ni moja ya michango michache ya Kiswahili kwenye fani yangu na inanipa fahari ya ajabu ajabu.

Krakatau ya Indonesia mwaka 1883 iliua zaidi ya watu 36,000 na wengi wao walikufa kwa mawimbi ya bahari, mlipuko wenyewe ukasikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 mbali, ukivuka sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Ndo ujue "eneo la volkano" sio kitu cha kuchora duara ukamaliza.

Ukienda mbali zaidi na mlima ni majivu na salfa ndo vinatawala. Majivu makavu yakifika unene wa sentimita 10 juu ya paa yanaweza kukaribia kilo 100 kwa kila mita ya mraba, yakilowa mvua yanazidi hapo sana, na hiyo ndo iliua wengi Pinatubo, Ufilipino, tarehe 15 Juni 1991, maana kimbunga kilipita siku ileile ya mlipuko mkuu na mapaa yakaanguka. Ila Pinatubo ni hadithi nzuri pia, mlima uliokaa kimya karibu miaka 500, ukatoa dalili kuanzia Machi na Aprili, wataalamu wakaufunga vifaa, watu makumi elfu wakahamishwa kabla, na wamepona. Kwa ndege majivu ni balaa, yale ni kioo, injini ina joto la kukiyeyusha, kinayeyuka ndani na kugandia kwenye mapanga. Mwaka 1982 ndege kubwa ya abiria ilipita kwenye majivu ya Galunggung juu ya Indonesia usiku, injini zote nne zikazima, ikaelea inashuka mpaka ilipotoka kwenye wingu zikawaka tena, ikatua Jakarta na kioo cha rubani kimekwaruzika hadi hakionyeshi mbele. Ndo maana Aprili 2010 volkano moja ya Iceland, ambayo wala haikuwa kubwa, ilifuta safari za ndege karibu 100,000 Ulaya.

Salfa nayo ikipanda juu kabisa, zaidi ya mawingu ya mvua, inageuka matone madogo sana ya asidi yanayorudisha mwanga wa jua, na kule juu hakuna mvua ya kuyaosha kwa hiyo yanakaa mwaka mmoja miwili. Pinatubo ilipandisha tani milioni 15 mpaka 20 za dayoksaidi ya salfa na dunia ikapoa kama nusu nyuzi mwaka uliofuata. Tambora ya Indonesia ililipuka Aprili 1815 kwa ukubwa zaidi, na 1816 Ulaya na Amerika Kaskazini wakakosa kiangazi, theluji mwezi Juni, mavuno hakuna, njaa. Na kabla hujaniuliza, maana huwa naulizwa: hapana, volkano sio zinazoongeza joto la dunia siku hizi, kaboni dayoksaidi ya volkano zote kwa mwaka haifiki asilimia moja ya ile tunayotoa sisi binadamu.

Mbona watu wanaishi pale sasa? Kwa sababu mlima unakaa kimya muda mrefu kuliko maisha ya mtu na udongo wake ni mzuri. Majivu yana potasiamu, fosforasi, kalsiamu na vingine, na kwa kuwa ni kioo kilichosagika yanaoza haraka kuwa udongo, ndani ya miaka michache mvua ikiwepo. Lava ni hadithi tofauti, ikiganda ni jiwe, utangoja makumi na wakati mwingine mamia ya miaka, kwa hiyo mtu akikwambia "lava inaleta rutuba" mwambie asubirie na wajukuu. Joto la chini nalo linatoa umeme, Iceland na Olkaria ya Kenya wanachimba visima wanapata mvuke wa kuzungushia mitambo.

Kujua mapema tunaangalia vitu vitatu: matetemeko madogo yanayopanda kuja juu, mlima kuvimba (siku hizi setilaiti inapima hata sentimita), na gesi kubadilika, hasa salfa kuongezeka ghafla maana inasema magma mpya imekaribia. Dalili zikiwa wazi tunaweza kusema uwezekano umepanda, kutaja siku na saa hapana, na mtu anayetaja siku miezi kabla mwambie akuonyeshe vipimo vyake.

Sasa Kilimanjaro. Ni volkano tatu zilizoungana, Shira na Mawenzi zimeshakufa, Kibo imelala. Kileleni kwa Kibo, ndani ya kasoko, bado kuna matundu yanayotoa joto na harufu ya salfa, kwa hiyo chini bado kuna moto, lakini hakuna mlipuko hata mmoja uliorekodiwa tangu watu waanze kuandika, na volkano kama ile ikitaka kuamka itatikisika na kuvimba kwanza. Ikiamka mimi wasiwasi wangu wa kwanza utakuwa barafu ile iliyobaki na tope, nafikiri sasa unajua kwanini. Ila kama unataka jirani wa kumwangalia kwa macho mawili sio Kilimanjaro, ni Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania. Lava yake ni ya pekee duniani, karibu haina silika, imejaa kaboneti ya sodiamu, inatoka na nyuzi 500 hadi 600 tu, mchana haing'ai, inaonekana kama tope jeusi na ikipata unyevu inageuka nyeupe. Kwa hesabu ya silika ingepaswa kuwa mpole kuliko zote, na miaka mingi imekuwa mpole kweli, alafu Septemba 2007 ikaanza kulipuka na kurusha majivu kilomita kadhaa juu, ikaendelea hadi 2008. Gesi ilikuwa imekuja nyingi.